Ufunguo wa Kaka

Nilishuka Masumbwe Alhamisi asubuhi nikitokea Buseresere, begi mgongoni na betri mpya ya gari mikononi. Njia nzima nilikuwa nimeipakata. Kondakta alitaka kuisukuma kwenye buti pamoja na magunia ya dagaa, nikamwambia hiyo haiendi huko, akacheka na kuniacha.

Shemeji yangu, mke wa marehemu kaka yangu, alikuwa amenipigia simu Jumatatu. Hakusalimia sana. "Mwanao anaripoti shule wiki ijayo, Jumatatu," alisema. "Unakumbuka baba yake alimwahidi nini?"

Nilikumbuka. Binti yao alipokuwa darasa la tano, kaka alimwambia mbele yetu sote kwamba siku atakapokwenda sekondari hatabeba tranka lake stendi. Atampeleka mwenyewe, kwa gari lake, mpaka kwenye geti la shule. Mtoto akampa mkono, wakashikana kama watu wazima waliouziana ng'ombe. Sasa alikuwa amechaguliwa shule ya bweni ya wasichana kule Shinyanga. Kaka alikuwa ndani ya ardhi mwaka na miezi miwili, na gari lilikuwa limesimama bandani muda huohuo.

"Wewe unajua kuendesha," shemeji aliniambia. "Njoo uliwashe."

Mimi ni mtu wa kuhama. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Geita kutembea wiki mbili, nikarudi nyumbani baada ya miaka sita. Nimewauzia wachimbaji viatu vya mpira, nimepika chai kwenye machimbo, nimeendesha roli la kusomba mawe kupeleka kwenye mashine za kusaga. Kila mji nilioishi niliupenda siku nilipokuwa nauacha. Kaka alikuwa kinyume changu. Alikaa Masumbwe, akanunua mpunga msimu wa mpunga, na dhahabu kidogo kidogo kutoka kwa wachimbaji, akajenga, akaoa. Nilipokuwa sina pa kwenda nilikwenda kwake.

Gari lilikuwa dogo, la rangi ya fedha, lililokuja kutoka Japani likiwa limeshatumika. Nilikuta kuku amejitengenezea kiota juu ya boneti. Matairi mawili yalikuwa yamelala. Binti alikuja mbio, amekuwa mrefu kuliko nilivyomwacha, nywele amekwishazinyoa kwa ajili ya shule.

"Shikamoo ba'mdogo."

"Marahaba. Kichwa kimekuwa kama yai."

"Bora changu, chako kimetokwa na nywele bila kunyolewa."

Shemeji alicheka akiwa mlangoni. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba. Kisha akanipa ufunguo, ule wa chuma kitupu ambao kaka aliuchongesha Kahama kwa ajili ya kufungulia milango, ili mtoto aweze kuosha gari ndani. Ufunguo wenyewe, ule wenye kichwa cha plastiki nyeusi uliokuja na gari, kaka alikuwa hauachi. Alitembea nao mwilini kama kitambulisho. Baada ya mazishi haukuonekana tena.

Nilifunga betri, nikajaza upepo, nikapachika ufunguo wa chuma na kuzungusha. Stata iliitika vizuri kabisa. Injini ikashika, ikanguruma sekunde moja, ikakata. Nikazungusha tena. Ikashika, ikakata. Binti alikuwa ameshaanza kupiga makofi, akaiacha mikono hewani.

Siku hiyo nzima nililihangaikia. Nilimwaga petroli ya zamani nikaweka mpya. Ijumaa asubuhi nilifungua plagi, nikazisugua kwa msasa, nikarudisha. Nilikagua fyuzi moja moja. Kila nilipozungusha, gari liliamka na kulala palepale. Shemeji alikuwa anakuja na chai, anasimama kidogo, anaondoka bila kuuliza. Mchana nikakubali kushindwa, nikampigia fundi umeme wa magari wa Kahama ambaye kaka alikuwa akimtumia.

Alikuja kwa basi, mtu mfupi wa makamo, Msukuma mwenye maneno mengi na mikono mitulivu. Alimsalimia shemeji kwanza kwa Kisukuma, akimwita mama. "Mwadila, mayu. Pole tena." Kisha akaziona plagi zilivyong'aa.

"Nani alikwambia uzifungue hizi?"

"Nimejiambia mwenyewe."

"Ungejiambia ukalale. Hebu zungusha."

Nikazungusha. Hakuangalia injini hata kidogo. Aliinamisha kichwa dirishani akaangalia dashibodi.

"Hiyo taa nyekundu yenye alama ya ufunguo, inayopepesa. Tangu lini?"

"Tangu jana nilipofunga betri."

"Na wewe ulidhani inakukonyeza?"

Akatuita wote watatu, akaeleza taratibu kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Gari hili, alisema, lilifundishwa kumwogopa mwizi tangu kiwandani. Ndani ya kichwa cha ule ufunguo mweusi kuna chipu, ndogo kama punje ya mchele. Kuzunguka tundu la ufunguo kuna kipete kinachoisoma. Kikiisoma na kuitambua, injini inaruhusiwa kuendelea. Kisipoisoma, inaachiwa ishtuke kidogo tu halafu inakatwa. Akaunyanyua ule wa kuchongesha. "Huu una meno sawasawa, lakini kichwani hauna kitu. Kwa gari, ninyi hapa wote ni wezi."

Binti akacheka. Fundi alitoa kifaa chake, akakichomeka kwenye soketi chini ya usukani kuhakikisha si kile kipete kilichoharibika. Akasoma. "Kipete kizima. Humu umeandikishwa ufunguo mmoja tu, na si huu. Huo mmoja uko wapi?"

"Ulipotea kwenye msiba," shemeji alisema.

Mimi niliangalia matairi.

"Ukipatikana, kazi ni dakika mbili," fundi alisema. "Usipopatikana, nakuja na mashine kubwa, nafuta kumbukumbu yote, naandikisha ufunguo mpya wenye chipu. Ila lazima mjue, nikishafuta, ule wa kwanza hauwashi tena hata ukiokotwa kesho."

Nilidhani shemeji atasema fanya haraka. Akasema, "Usifute. Ngoja tuutafute tena."

"Mayu, leo Ijumaa."

"Nimesema ngoja."

Fundi alirudi Kahama. Shemeji na binti walianza kuutafuta jioni hiyohiyo, na Jumamosi walipoamka waliendelea. Walitoa magodoro yote juani, wakayakung'uta na kuyapapasa mishono. Walivuta kabati mbele. Binti alitandika turubai uani akamimina mchele gunia baada ya gunia, akapitisha vidole vyake ndani yake kama wanavyofanya kina mama wakitafuta mawe. Shemeji alikuwa anazungumza peke yake, kwa sauti ya chini, akimwuliza kaka. "Uliuweka wapi? Niambie tu uliuweka wapi."

Nami nilikuwa najua ulipo.

Kaka aliugua ghafla. Siku hiyo aliendesha mwenyewe mpaka nyumbani, akaegesha, akasema anasikia baridi, akajilaza na koti lake la kijivu. Jirani alimkimbiza hospitali na koti hilohilo mwilini. Siku ya pili akatutoka. Mimi nilifika nikitokea Geita kwa usafiri wa kuungaunga, na kwa kuwa nilikuwa mdogo wake wa damu, nilipewa kazi ya kumvalisha. Shemeji alituma neno kwamba avalishwe koti lake. Tulikuwa wanne mle chumbani, mimi, wajomba wawili na mzee mmoja wa kanisa.

Huku kwetu, mtu anayenunua dhahabu akifa, macho yote yanaangalia mikono ya wanaomshika. Kila mtu anajua kwamba mtu kama huyo anaweza kuwa na kikaratasi mfukoni chenye punje za dhahabu. Nimeona familia zimegawanyika kwa sababu ya mfuko wa maiti. Kwa hiyo mwenye akili hapekui. Unavalisha, unanyoosha, unaondoka na mikono mitupu na watu wamekuona.

Nilipokuwa nafunga koti nilisikia kitu kigumu kifuani, mfuko wa ndani, upande wa kushoto, umefungwa kifungo. Kiganja changu kilitulia pale juu. Niliwaza, dhahabu au mizani yake ndogo. Mjomba mkubwa alikuwa ananitazama. Mimi ndiye mzururaji wa ukoo, asiye na nyumba wala shamba. Nikijua vizuri watakachosema, nikaondoa mkono. Kwenye kikao cha ukoo baada ya matanga nilisimama nikasema kwa sauti, "Mimi sikugusa mfuko wa kaka." Walinisifu. Mjomba alisema, huyu amekua.

Mwezi mmoja baadaye, nikiwa Buseresere, shemeji alinipigia akasema ufunguo mweusi hauonekani. Pale pale nikajua. Ningeweza kumwambia siku hiyo. Lakini niliona mambo mawili tu, ama wajomba watataka kaburi lifunguliwe, ama watasema nilichukua dhahabu na sasa natunga habari ya ufunguo. Nikamwuliza, "Umetafuta kabatini?" Nilimwuliza hivyo. Na mwezi uliofuata nikamwuliza tena.

Sasa nilimwona mtoto amepiga magoti kwenye mchele, amefika gunia la nne, na nikashindwa.

"Shemeji, liache hilo godoro."

"Umeuona?"

"Najua ulipo."

Aligeuka na fimbo ya kukung'utia mkononi. Niliwaeleza yote, nikiwa nimesimama, bila kujitetea sana. Niliposema neno koti, fimbo ilishuka chini polepole. Nilipomaliza alinitazama usoni.

"Mwaka mzima, shemeji."

"Ndiyo."

"Mwaka mzima nakung'uta magodoro. Nilimshuku dada yangu mwenyewe. Mpaka leo haji hapa, kwa sababu nilimwuliza vibaya. Na wewe kwenye simu unaniambia, tafuta kabatini."

Ningependa aninyanyulie ile fimbo. Lakini aliyeongea alikuwa binti, palepale kwenye turubai, mchele umemganda kwenye magoti.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Wewe vipi?" mama yake aliuliza.

"Siku ile baba alipougua niliosha gari alipokwisha kuliegesha. Nilifikiri aliuacha ndani, nikaumwaga na maji machafu." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Sikuwaambia. Nilikuwa naenda kule tulikomwaga, nachimba na kijiti."

Shemeji alidondosha fimbo, akamfuata, akaketi juu ya mchele wenyewe, akamvuta kichwa kile kilichonyolewa mpaka kifuani. Mimi nilibaki nimesimama. Katika mahesabu yangu yote ya kuogopa watu, mtoto huyu sikuwahi kumhesabu. Nilikuwa nimelinda jina langu kwa mwaka mzima, na yeye alikuwa anachimba uani na kijiti.

Baada ya muda shemeji alisema bila kuniangalia, "Mfuko upi ulisema?"

"Wa ndani. Kushoto."

"Wenye kifungo."

"Ndiyo."

"Kifungo nilikishona mimi. Ule mfuko ulikuwa unaachia vitu. Nikamwambia, utapoteza mali za watu, lete nikushonee." Alianza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Niliushona vizuri mno. Ona sasa."

Akainuka, akajipangusa mchele kwenye kanga, akaenda peke yake kaburini, nyuma ya shamba la mihogo. Sikumfuata. Mimi na binti tulirudisha mchele maguniani tukitumia sahani. Mara moja aliniuliza kama ufunguo huota kutu ukiwa chini ya ardhi. Nilimwambia ule una plastiki, utakaa. Aliridhika.

Shemeji aliporudi alikuwa amenawa uso. "Mpigie fundi," aliniambia. "Aje afute. Na wajomba nitawaambia mimi mwenyewe. Wewe ukae kimya, si umezoea?"

Lilikuwa tusi, na lilinipa raha. Mtu aliyekukatia tamaa hakutanii.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, fundi alikuja na begi kubwa zaidi na ufunguo mpya ambao haujapoteza harufu ya dukani. Alichomeka nyaya zake, akabonyeza vitu, akasema mashine inahitaji nusu saa ya kufuta kabla ya kuandikisha. Ufunguo wa chuma ukae kwenye swichi, betri isipungue, mlango usifunguliwe ovyo. "Akae mtu mmoja kwenye kiti cha dereva, mtulivu. Si huyu," akanionyesha mimi, "huyu atafungua plagi."

Shemeji akaingia. Binti akapanda nyuma kabla hajakatazwa. Mimi na fundi tulisimama nje, yeye akishika mashine yake dirishani.

Shemeji alikuwa hajawahi kukaa kile kiti. Aliweka mikono miwili kwenye usukani, akaitoa, akaiweka mapajani. Kuku alijaribu kurudi kwenye boneti nikamfukuza. Taa nyekundu ilikuwa inapepesa, na dakika zilikuwa zinahesabiwa kinyumenyume kwenye kioo cha mashine.

"Fundi."

"Naam, mayu."

"Kwa hiyo sasa hivi linamsahau?"

Fundi, yule mtu wa mizaha, alichelewa kujibu. "Linasahau ufunguo, mayu. Ufunguo tu."

Shemeji aliitikia kwa kichwa. Mtoto kwa nyuma alipitisha mkono kati ya viti, akaushika mkono wa mama yake, na wakakaa hivyo. Hakuna aliyeomba wala kuimba. Zilipobaki dakika kumi fundi alizitaja kwa sauti ndogo, zilipobaki mbili akazitaja tena. Kisha mashine ikalia mara moja. Akabonyeza, akasogeza kichwa cha ufunguo mpya karibu na tundu, akasubiri. Taa nyekundu iliwaka bila kupepesa, halafu ikazima, naye akauchomoa ule wa chuma akapachika mpya.

"Zungusha, mayu."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyekalia kiti."

Akazungusha. Injini ikashika, na sote tulizuia pumzi tukingoja ikate. Haikukata. Iliendelea kunguruma, moshi mweusi ukatoka nyuma, kisha ukawa mweupe, kisha hakuna. Binti alikuwa anapiga kiti cha mbele kwa ngumi zote mbili. Shemeji alikaa na kuisikiliza, mkono bado uko kwenye ufunguo, kama mtu aliyeshika mpini wa mlango na hajaamua kuingia.

Jumatatu tuliondoka alfajiri, tranka kwenye buti, godoro juu limefungwa kamba. Tulipita Kahama pilikapilika zikiwa zimeanza, tukapita Isaka, tukapita Tinde. Njia ile nimeipita mara nyingi sana, lakini siku zote nikiwa naenda mahali kwa sababu nimechoka na pengine. Binti alikuwa anataja kila kibao cha barabarani. Mama yake alikuwa anarudia kumpa maagizo yaleyale ya sabuni, ya dawa ya mswaki, ya kutoazimana viatu.

Sikulizima gari popote. Hata tuliposimama Tinde wao wakanunua ndizi, mimi nilibaki ndani, injini inaunguruma. Sikuwa na hakika na huo ufunguo mpya. Niliogopa nikizima, ahadi ya kaka itakufa kilometa chache kabla ya kutimia.

Kwenye geti la shule kulikuwa na foleni ya wazazi. Mlinzi akasema magari hayaingii. Basi, ni mpaka getini kweli. Binti aliteremka, akazunguka upande wangu, akapiga magoti kidogo.

"Asante ba'mdogo."

"Soma."

"Nitasoma." Akagusa mlango wa gari kwa kiganja, mara moja, akamfuata mama yake. Walishika tranka huku na huku. Godoro binti alilibeba kichwani, na kwa jinsi lilivyomfunika, kutoka nyuma niliona miguu yake tu na soksi nyeupe, ikitembea haraka kuliko ya mama yake.

Shemeji alikaa huko ndani saa nzima na zaidi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alisimama dirishani akasikiliza.

"Bado linawaka?"

"Sijalizima tangu nyumbani."

"Petroli ya nani hiyo unayochoma? Zima."

"Shemeji, ngoja kwanza tufike..."

Aliingiza mkono dirishani, akaupitisha mbele ya kifua changu, akazima mwenyewe. Kukawa kimya. Tulisikia kengele ya shule na wasichana wakikimbia. Aliacha mkono wake pale kwa muda, mimi nimebanwa kwenye kiti, kisha akazungusha. Likawaka.

"Unaona," akasema. "Sogea huko."

"Huna leseni."

"Kuna uwanja kule nyuma ya ukuta, hauna mtu. Sogea."

Nikahamia kiti cha abiria. Aliingia, akavuta kiti mbele mpaka magoti yakakaribia kugusa dashibodi, akavua kandambili akazitupa nyuma. Nilimwonyesha breki ni ipi. Gari liliruka mbele kama mbuzi, likasimama, likaruka tena. Tuliuzunguka ule uwanja mara saba au nane, yeye akinitukana kila nilipogusa breki ya mkono, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema turudi. Tuliporudi Masumbwe nilikaa wiki tano nikimfundisha, mpaka alipoweza kuendesha mwenyewe kwenda kwa dada yake, yule aliyemwuliza vibaya.